Jina Asilolitaja Mwenyekiti

Sur, 9 Mei 2024

Ndugu yangu Musallam,

Nakusalimia wewe na Mahfoudha na kila aliye chini ya dari yenu. Huku kwetu wazima. Goti langu la kulia limekubali dawa, la kushoto bado linabishana nayo. Mjukuu wangu Wiam amepata leseni ya gari baada ya mtihani wa nne, na sasa majirani wanachungulia kwanza kabla ya kutoka nje. Mumewe, Khalaf, ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na samaki wako wa kila wiki. Ikinuka jodari usinilaumu mimi.

Unajua kwa nini nakuandikia na sikupigii. Simu yako ikilia huko Ibra husikilizwa na baraza zima, na nikikutumia ujumbe wa sauti humfikia Turki wa kamati yenu kabla hujavaa miwani. Kiswahili cha kusoma, katika ukoo wetu, tumebaki nacho mimi na wewe. Watoto wanakisema kidogo. Ukiwawekea karatasi wanaipindua kutafuta picha. Kwa hivyo hapa tunaweza kusema.

Basi nianze na mpira. Nimeitazama mechi ya mwisho ya Sidra kwenye simu ya Wiam, na nikaimaliza nikiwa nimesimama, goti na yote. Musallam! Timu ya mtaa wetu, ambayo wewe ni mwenyekiti wake, imemaliza msimu ikiwa ya mwisho kasoro moja! Mnao mabeki watatu wa kushoto na hapana hata mmoja anayejua kupiga kichwa. Maen, nahodha wenu, namjua tangu yumo tumboni mwa mamake. Sasa tumbo analo yeye. Anakimbia kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti. Na yule kocha mliyemwagiza aliondoka Ibra hata refa hajafika nyumbani kwake.

Sasa mna majira yote ya joto mbele yenu. Uwanja haukanyagiki, na kazi iliyobaki ni kunywa kahawa na kuchagua kocha. Nambie kweli, nani anatajwa?

Nakuuliza kwa sababu nimeyasikia majina matatu, na la nne, ambalo mtu yeyote mwenye macho angelianza nalo, silisikii. Mwanao Adham anaifundisha timu ya Mina hapa Sur, mwaka wa pili sasa, na mwaka huu Mina wamechukua kombe. Watu wa Nizwa wanamtaka. Wamempa mpaka mwanzo wa Agosti awajibu, kwani yeye ni mwalimu wa michezo wa skuli ya serikali na lazima aombe uhamisho kabla ya masomo kuanza. Akenda Nizwa atajenga huko; mkewe Najla ana jamaa zake huko. Na ile ghorofa uliyomjengea juu ya nyumba yako watakaa njiwa.

Sisemi zaidi. Mwenyekiti ni wewe.

Dada yako,
Fawziya


Ibra, 30 Mei 2024

Dada Fawziya,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki mbili ndani ya gari la Khalaf, chini ya kiti, kwa hivyo kwa kuchelewa mlaumu yeye. Sisi hatujambo. Mahfoudha amepanda bamia na hazikuota. Yeye anasema mbegu, mimi nasema jua. Maji ya mfereji wetu wa falaji yapo, mitende imebeba, na joto limeshaingia mpaka katika maneno ya watu.

Umeuliza nani anatajwa. Nakujibu kama mwenyekiti, kwa hivyo usimwambie mtu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Muscat, mchezaji wa zamani, mtu wa marashi. Alituuliza kama kando ya uwanja kuna chumba cha baridi. Tukamwambia kuna mkunazi. Akauliza kama wachezaji wangeweza kumfuata Muscat badala ya yeye kuja Ibra. Tukamshukuru, tukampa halwa, akaenda zake.

Halafu Maen mwenyewe. Anataka awe kocha na huku anacheza. Turki akamuuliza mbele ya kamati nzima: "Ukiwa kocha, mchezaji wa kwanza utakayemtoa ni nani?" Maen akasema, "Hilo sijalifikiri." Turki akamwambia, "Basi kwanza jitazame kwenye kioo, halafu ulifikiri." Kikao kilivunjika kwa kicheko, na Maen alicheka kuliko sote. Ndiyo maana siwezi kumwacha yule mtu. Mabao hafungi, lakini timu inapofungwa yeye ndiye anayewarudisha wenzake garini wakiwa wanaimba.

Wa tatu ni Yazeed, mtu wa mji wa Adam. Ana cheti, ana mpango, na hasemi mengi. Huyo ndiye ninayemuelekea.

Kuhusu mabeki wa kushoto, umesema kweli na nimekasirika. Mmoja tumemwachia aende Bidiya, na badala yake tumechukua kijana mrefu ambaye kichwa chake kinafika kwenye mpira kabla yeye hajaruka. Jana watu walikaa barazani tangu alasiri mpaka adhana ya isha wakigombana tucheze na mshambuliaji mmoja au wawili. Nikakukumbuka wewe, juu ya dari ya nyumba yetu ya Vuga, mama akidhani tumepanda kuanua nguo na sisi tunatazama mpira wa Mnazi Mmoja bila tiketi. Wewe ulikuwa ukihesabu kona, mimi makosa ya refa. Jezi za timu zote mbili nazikumbuka, na hata upande jua lilipokuwa. Ile mechi ya mwisho tuliyoitazama pale, kabla hatujahamia huku, hakuna aliyetwambia kuwa ni ya mwisho. Ningeitazama kwa uangalifu zaidi.

Ama lile jambo uliloliandika mwishoni mwa barua, sikuweza kulisoma. Wino uliingia maji ya samaki.

Mwambie Wiam apunguze mwendo.

Nduguyo,
Musallam


Sur, 22 Juni 2024

Musallam,

Marahaba, na Idi yenu nadhani imepita kwa kheri. Mahfoudha tulikuwa naye siku zote za sikukuu, na nyumba ilinukia mikono yake. Amenambia wewe umebaki Ibra kusimamia shuwa. Shuwa, Musallam, ni nyama iliyozikwa shimoni na moto wake. Inakaa chini ya ardhi yenyewe na haihitaji mwenyekiti.

Aseel, binti wa Adham, ameanza kutembea. Anaanguka kitako, halafu anawatazama watu mmoja mmoja kama mchezaji anayetaka faulo. Sikungoja uniulize, kwani najua huulizi.

Safari hii nimeandika kwa kalamu ya risasi na karatasi nimeitia ndani ya mfuko wa plastiki. Adham. Adham. Adham. Umesoma?

Sasa nisikilize, kwani mimi ni mkubwa wako na hapana wa pili aliyebaki wa kukwambia. Mlipofungwa katika ile fainali ya wilaya, watu walinong'ona kuwa Adham ni kocha kwa sababu babake ni mwenyekiti. Nawe, ili jina lako litoke safi, ukasimama majlisini ukapendekeza aondolewe, na kabla ya hapo hukumwambia hata neno. Yeye alikuwa amesimama na dele mkononi akiwamiminia wazee kahawa. Akaimaliza duru yake, mpaka mzee wa mwisho, akaliweka dele, akatoka. Tangu siku ile hukusikia sauti yake ila kwa mamake. Watu walikusifu kwa uadilifu. Mimi sikukusifu.

Na mimi nina langu nililokuficha. Tangu ahamie Sur, Adham anakula kwangu kila Ijumaa, yeye na Najla na mtoto. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utasema nimechukua upande. Hatukutaji. Anauliza tu, akishamaliza kula, "Shangazi, Ibra kuna khabari?" nami namwambia khabari za mabeki wa kushoto.

Lakini wewe pia usinifiche. Mwezi wa pili, siku ya nusu fainali ya Mina, Khalaf aliiona gari yako nyuma ya uwanja, nawe umo ndani, kilemba umekifunga mpaka puani. Alidhani mwizi. Kisha bao likaingia na mwizi akapiga honi.

Nizwa wamempigia tena. Siku zinakwenda, Musallam.

Fawziya


Ibra, 11 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nyumbani salama. Mahfoudha tangu arudi kutoka kwenu anapika chakula cha watu wanane na tunakula wawili. Huku tumo katika kuchemsha tende za mabsali. Masufuria ya shaba yanatokota tangu alfajiri, tende zinaanikwa, na wote waliotawanyika Muscat wamerudi kutazama. Mji umejaa, na kila aliyekuja ana kocha wake mfukoni.

Siku ile ya Sur nilikwenda kununua samaki.

Sasa nikupe khabari ya Yazeed, ucheke, kwani mimi bado sijaweza. Tulimwalika chakula cha mchana, mimi na Turki na wanakamati wengine. Unaijua tabia yetu: kukiwa na mgeni mbele yetu, ya siri tunayasema kwa Kiswahili, huku tukitabasamu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Wanakamati wengine hawakijui, lakini wameshazoea. Turki, unamjua, amezaliwa Bujumbura na mdomo wake hauna mlango. Anamkatia Yazeed nyama na huku ananambia:

"Huyu masharubu yake yamepangwa vizuri kuliko mabeki wetu."

"Mwache ale," nikamwambia. "Anakula kimya. Hiyo ni nidhamu."

"Au ni njaa ya huko Adam."

"Turki, mchezee mwengine."

"Nimchezee nani? Wewe umenuna kama aliyefungwa bao la dakika ya mwisho."

Tukaendelea hivyo. Yazeed anatikisa kichwa kwa adabu, anasema alhamdulillahi, anaongezwa wali. Turki aliniuliza jambo nami nikamjibu jambo. Hayo hayahusiani na kamati.

Tulipomaliza, Yazeed alinawa mikono, akaja akaushika mkono wa Turki, kisha wangu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtu aliyeshuka Tanga asubuhi ile:

"Shikamooni, wazee wangu. Nyama ilikuwa laini. Masharubu nitayapunguza, lakini mabeki siwezi kuahidi."

Dada, sikumbuki kama nilimwitikia marahaba. Turki alishikwa na kikohozi, ikabidi atolewe nje. Kumbe mamake Yazeed amezaliwa Tanga, na mpaka anaingia skuli Yazeed hakuwa na lugha nyengine. Alikaa nasi saa nzima kama bubu wa harusini!

Siku ya pili yake akaiandikia kamati kuwa anajitoa, kwa heshima zote, na sababu hakuitaja. Turki anasema ni masharubu. Mimi sijui.

Kwa hivyo hatuna kocha. Watu wanakuja majlisini, wanakunywa kahawa, wananitazama, na wanaondoka. Nami nawatazama. Sijapata kuona baraza la watu wa mpira likinyamaza namna hii.

Musallam


Sur, 19 Julai 2024

Musallam,

Marahaba. Tu wazima, tutasalimiana vizuri siku nyengine.

Ati hujui kwa nini Yazeed amejitoa. Basi mimi najua, na nimeyapata kwa Adham. Yazeed na Adham walisoma pamoja mafunzo ya ukocha. Yazeed alimpigia simu usiku uleule, na Ijumaa Adham akaja hapa akanihadithia.

Turki alikuuliza, "Kwani huyu ana kasoro gani?" Nawe ukasema, "Hana kasoro. Anaujua mpira. Lakini Adham wangu anawajua wachezaji. Mpaka leo sijaona kocha kama mwanangu, na mimi ndiye niliyemtoa mbele za watu." Turki akasema, "Basi mwite." Ukasema, "Nimwite kwa uso gani?" Kisha ukamwongeza mgeni wali.

Hayo ndiyo uliyoniandikia kuwa hayahusiani na kamati.

Yazeed alimwambia Adham hivi: "Nimekula chakula cha babako, siwezi kukalia kiti chako." Mtu mwenye adabu kama huyo mmemsema masharubu.

Najua utataka kujua Adham amesemaje na hutauliza. Alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, chakula mbele yake hakukigusa. Akaniuliza:

"Shangazi, amesema hivyo kwa Kiswahili?"

"Si ndivyo alivyosema Yazeed? Kwa Kiswahili."

"Basi alikuwa akisema kweli. Kwa Kiarabu yeye ni mwenyekiti."

Nikacheka, naye akacheka, lakini mara akaacha. Akasema, "Alinitoa kwa Kiarabu, mbele za watu. Akinitaka, aniite kwa Kiarabu, mbele za watu. Kwa siri siji." Kisha akamchukua mtoto wakaenda zao, na biriani yangu ikabaki.

Najla ananambia Nizwa wanampigia kila siku, na nyumba wameshamtafutia. Tarehe tatu Agosti atawajibu. Yeye hatakupigia, Musallam. Ni mwanao, ugumu huo hakuuokota njiani.

Najua taabu yako. Baba hamsifu mwanawe mbele ya watu. Hata sisi hatukusifiwa, na marehemu baba alitupenda mpaka akawa hawezi kutuangalia tukiugua. Lakini wewe siku ile ulimtia ila mbele ya watu, na hilo ndilo lenye deni. Mimi sina ushauri. Nimekueleza alichosema, neno kwa neno.

Fawziya


Ibra, 29 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sina khabari za bamia.

Ijumaa tarehe pili, baada ya sala, tutafika kwako watu kumi na mmoja. Pika. Adham asijue mpaka atuone. Khalaf nimemwapisha kuwa barua hii haiendi chini ya kiti.

Musallam


Sur, 7 Agosti 2024

Musallam, ndugu yangu,

Naandika ingawa tumeonana Ijumaa, kwani wewe ulikuwa kichwa umekiinamisha mwanzo mpaka mwisho, na mengi hukuyaona.

Kwanza, gari tatu mlangoni na wazee kumi na mmoja kwa kanzu na vilemba na bakora! Jirani yangu alipiga kigelegele. Alidhani mmekuja kumposa Wiam, na Wiam ana mume. Adham alikuwa ndani na fulana, mtoto begani. Alipowaona alitaka kutokea mlango wa jikoni, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi na goti langu; hakupita.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia kila neno. Uliposimama nikadhani utaanza na hotuba ya kamati. Ukasema kwa Kiarabu kuwa asubuhi ile umeuweka chini uenyekiti, kwa sababu uliyoyajia hayasemwi na mwenyekiti. Ukasema: "Mimi ni baba yake Adham. Nilimwondoa mbele yenu ili nisifiwe, nanyi mkanisifu, na lilikuwa kosa. Hakuna kocha bora kuliko yeye katika mkoa mzima wa Sharqiya. Namwomba arudi, na namwomba mbele yenu." Kisha ukakaa, ukaanza kuutazama mkeka wangu kama mtu anayetaka kuununua.

Hapo ndipo Turki alipoifanya kazi yake njema ya kwanza tangu nimjue. Akasema, "Musallam, sisi sote tunamtaka huyu tangu mwezi wa tano! Tulikuwa tunakungoja wewe umtaje. Nani atamtaja mtoto wa mtu mbele ya baba aliyemtoa?" Nawe ukasema, "Na mimi nilikuwa nawangoja nyinyi. Baba gani anamsifu mwanawe?" Miezi mitatu, watu wazima kumi na mmoja, mnakunywa kahawa na kungojana! Ndipo ulipotoka ule mcheko, mpaka masufuria yangu yaliitikia.

Lakini hukumtazama Adham. Mimi nilimtazama. Ulipotamka "namwomba" alifumba macho. Kisha akaja jikoni, ati kutafuta maji, akakiegemeza kipaji cha uso wake kwenye friji.

"Shangazi, amesema kwa Kiarabu."

"Nimesikia."

"Mbele ya Turki."

"Mbele ya Turki. Maana yake mpaka watu wa mji wa Ashkhara wameshajua."

Akacheka na huku anajifuta uso kwa kitambaa changu cha vyombo. Nikamwambia nenda kamjibu babako, chakula kinapoa. Jawabu lake ulilisikia mwenyewe, lakini nataka liandikwe, nisije nikasahau:

"Baba, Maen bado ni nahodha?"

"Kocha ni wewe, amua wewe."

"Basi si nahodha."

"Astaghfirullah! Maen? Kwa kosa gani?"

"Baba, umeliona tumbo lake?"

"Timu haiongozwi kwa tumbo, inaongozwa kwa moyo!"

"Moyo uko nyuma ya tumbo, haufiki golini."

Mkagombana vile mpaka wali ukapoa, wazee wengine wameshika upande huu na upande ule, na hakuna aliyeuliza kama amekubali. Haikuwa lazima. Najla alikuwa kando yangu. Alikwishaanza kufikiri vyombo atakavyovifunga.

Adham aliwapigia watu wa Nizwa Jumamosi akawashukuru. Nilikuwepo.

Ijumaa zangu sasa zitakuwa tupu, na nimekasirika nawe kwa hilo. Lakini si sana.

Fawziya


Ibra, 20 Septemba 2024

Dada yangu Fawziya,

Shikamoo, na shikamoo nyengine ya akiba kwa siku nilizochelewa. Safari hii Khalaf hana kosa. Ni mimi, sikupata nafasi. Nyumba ina kelele. Uhamisho wa Adham ulikubaliwa wiki ya kwanza ya masomo, na juu ya kichwa changu sasa kuna mtoto anayeburuta kiti kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili tangu alfajiri. Mahfoudha anasema nikamwambie aache. Sijapata wakati.

Mpira unakwenda vibaya na vizuri. Adham amemvua Maen unahodha na akamfanya msaidizi wake, na Maen amefurahi kuliko alipokuwa nahodha. Anapiga kelele uwanja mzima na hatakiwi kukimbia. Yule kijana mrefu amewekwa mbele badala ya nyuma. Nilimwambia Adham hilo ni kosa. Akanambia, "Baba, subiri." Nikamwambia nimeutazama mpira tangu babu yake yuko hai. Akasema, "Basi subiri kama ulivyozoea." Katika mechi ya kwanza ya kirafiki kijana akafunga mawili kwa kichwa. Sijamwambia kitu. Nilipiga honi tu.

Mechi hiyo ilikuwa na timu ya Adam, na kocha wao, unakisia, ni Yazeed. Walitufunga matatu kwa mawili. Kwenye chakula baada ya mechi Turki aliketi karibu naye, na hakusema neno kwa lugha yoyote mpaka matunda. Kisha akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya wote kusikia, "Mwanangu, masharubu yamekupendeza." Yazeed akamwongeza wali.

Mwenyekiti sasa ni Turki. Kwa hivyo lawama zote za timu zinakwenda kwake, na mimi ni mshabiki tu, nakaa pale ninapotaka na kusema ninayotaka. Nilikuwa sijui kama kuna cheo kitamu hivi. Tatizo ni moja: Adham amenikataza kutoa maagizo kutoka nje ya mstari. Nimemwambia mimi siagizi, naomba dua kwa sauti.

Wewe lini utakuja? Nakuuliza kama anayeamrisha. Ligi inaanza mwezi ujao, na Najla ameshalitenga godoro la goti lako. Utakaa nami garini nyuma ya goli, na wewe utahesabu kona.

Naacha hapa. Leo jioni wana mazoezi na Adham yuko chini mlangoni, gari inanguruma, ananipigia honi mara ya tatu. Ananiita kwa sauti mtaa mzima usikie, "Baba! Tutachelewa!" Viatu vyangu viko karibu na miwani ninayo. Sijanyanyuka. Mimi nimemngoja miaka miwili, na yeye angoje kidogo.

Musallam